Mlango wa Duka Uko Ujerumani, Ufunguo Uko Doha

Watu wangu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na kila mahali ambapo asubuhi mlima unaonekana kabla mawingu hayajaufunika, leo sina simu mpya ya kuwaonyesha. Leo tuongee kuhusu kitu ambacho maduka mengi huku kwetu yamewekewa na wenye maduka hawajui kiko wapi. Ni ile kitu inakuwezesha kukaa kwa harusi Nakuru, ufungue simu, uone nani amesimama kaunta, mifuko mingapi ya chakula cha ng'ombe imetoka, na kama kijana wa duka amefunga saa kumi na moja badala ya saa moja.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnaotaka kukasirika muanze mapema. Tunalipa fundi aweke, halafu hatulipi mtu yeyote atunze. Na kwa hii kazi ya kufikia kompyuta kutoka mbali, kuweka ni kazi ya nusu siku. Kutunza ni kazi ya kila mwezi, miaka yote ambayo huo mlango utakuwa wazi.

Haya, kisa chenyewe. Tata wangu (kwa wasio wa huku, tata ni shangazi) ana agrovet Karatina, na duka lingine dogo Nyeri mjini ambako hushinda siku nyingi. Mwezi wa nane alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana aliyemwekea mitambo miaka mitatu iliyopita. Ulikuwa mfupi: mama, ile mashine sitailipia tena, mwisho wa mwezi wa tisa inazima, tafuta mtu. Tata akanipigia akiwa moto. "Mashine gani tena? Mashine si hii iko hapa chini ya meza?"

Iliyo chini ya meza ni kompyuta ya stoki. Ile kijana alikuwa anazungumzia ni seva ndogo ya kukodi, iko kwenye jumba la seva huko Ujerumani, na kila mwezi inakatwa dola 5, kama bob 650, kwa kadi ya huyo kijana. Naye kijana mwenyewe hayuko Nyeri. Yuko Doha, analinda geti la jengo kwa zamu ya masaa kumi na mawili. Miaka mitatu amelipia mlango wa duka la Tata kutoka kwa mshahara wa askari na hakuna mtu amewahi kumuuliza inalipwa aje. Siku ya kuweka alipewa elfu tatu, chai na mandazi, ikaishia hapo.

Najua kuna mtu ashaanza kuuliza kwa nini mlango wa duka la Karatina uwe Ujerumani. Si ushamba, kuna sababu. Kila kifaa kwenye intaneti kinatafutwa kwa namba, ile tunaita IP. Namba za mfumo wa zamani, toleo la 4, ni kama bilioni 4.3 dunia nzima, na hazitoshi. Za Afrika zinagawiwa na AFRINIC, shirika lililo Mauritius, na tangu Januari 2020 linatoa za mwisho mwisho kwa vipimo vidogo. Kwa hivyo kampuni za intaneti zinafanya kama landilodi wa ploti. Vyumba arobaini, geti moja. Wewe mpangaji ukitoka kwenda kununua maziwa, soja anakuona, ukirudi anakufungulia. Lakini mgeni akija getini aseme tu "nataka kuona mtu", soja hajui ni chumba gani, anamrudisha. Ukiingia kwenye rauta yako ukute imepewa namba kati ya 100.64 na 100.127, ujue uko kwenye ploti ya namna hiyo. Laini za simu ziko hivyo. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023 na sasa unaiona kwa paa za mashamba ya Nanyuki, kwa vifurushi vya kawaida iko hivyo pia.

Dawa yake ni proksi ya kurudisha. Kwa sababu mgeni hawezi kuingia, chumba chenyewe kinapiga simu nje na kuacha laini wazi. Kompyuta ya duka inapigia seva ya Ujerumani, ambayo ina namba yake peke yake, na haikati simu usiku na mchana. Tata akiwa Nyeri mjini naye anapigia hiyo hiyo seva. Seva inashika laini mbili na kuziunganisha. Umeelewa? Hiyo ndio siri yote.

Kutoka Karatina mpaka Nyeri mjini ni kilomita ishirini na kitu. Lakini bei ya mfuko wa mbolea ilikuwa inatoka Karatina, inashuka mpaka Mombasa, inazama baharini, inatokea Ulaya, inageuka, inarudi njia ndefu hiyo hiyo mpaka kwa simu ya mama aliyekaa Gakere Road. Na Kenya tuna KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ya ndani, tangu mwaka 2000! Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tata alishindwa kuona duka ambalo angelifikia kwa matatu kabla chai ipoe. Hakuelewa kwa nini. Aliambiwa "mtandao uko chini" akanyamaza, kwa sababu hilo ndilo jibu la kila kitu siku hizi.

Nilimpigia kijana jioni. Saa za Doha ni sawa na zetu, kwa hivyo nilingoja atoke zamu saa kumi na mbili. Nilitarajia ugomvi. Badala yake alishusha pumzi. "Buda, nimekuwa nikingoja mtu apige hii simu." Nikamwambia nataka kuona seva ilivyo. Hakunitumia paswadi. Aliniambia nimtumie ufunguo wangu wa umma, akauweka, nikaingia kwa jina langu. Hapo nikajua huyu si fundi wa kubahatisha. Ni mtu alisoma hii kazi hapa hapa Nyeri, akaifanya vizuri kadiri ya pesa aliyopewa, akakosa kazi nyingine, akaenda kusimama getini.

Sasa nilichokiona ndani.

Programu aliyotumia inaitwa frp. Iko sehemu mbili: frps inakaa kwenye seva, frpc inakaa kwenye kompyuta ya duka. Frpc inapigia frps kwenye poti 7000, inaonyesha tokeni, yaani neno la siri, halafu inasema "mtu akigonga poti 6001 hapo kwako, mlete kwangu". Ni programu nzuri sana, nyepesi, ya bure. Shida haikuwa programu. Shida ni kwamba tokeni ilikuwa moja kwa maduka yote. Dashibodi, ule ukurasa wa kuonyesha milango yote, ilikuwa wazi kwa dunia, na jina na paswadi yake vilikuwa vile vile vya kwenye mfano: admin, admin. Na pale kwenye dashibodi kulikuwa na majina matano: karatina-pc, karatina-dvr, chaka-pc, nanyuki-dvr, mweiga2-pc.

Tata alidhani mlango ni wake. Kumbe ni ploti nyingine, wapangaji wanne na ufunguo mmoja. Mwenye duka la Chaka angeamka vibaya siku moja, angeweza kujisajili kwenye hiyo seva kwa tokeni ile ile aliyonayo Tata. Hata hawajuani.

Piga hesabu kidogo. Maduka manne, elfu tatu tatu, ni elfu kumi na mbili. Seva kwa miezi 36 kwa 650 ni 23,400. Huyo kijana alifanya kazi akalipa yeye.

Poti 6001 nayo ilikuwa inaelekea kwenye ile njia ya Windows ya kuingia kutoka mbali, poti 3389. Maana yake, yeyote duniani akigonga 6001 kwenye ile seva anaonyeshwa ukurasa wa kuingia wa kompyuta ya agrovet ya Karatina. Kilichobaki ni jina na paswadi. Paswadi ya Tata sitaiandika, lakini kifungua mimba wake akisoma hapa atacheka. Na usidhani lazima mtu awe anakutafuta wewe. Kuna programu zinazozunguka intaneti zikigonga kila namba, mchana na usiku, bila kujua ni nyumba ya nani. Mirai, mwaka 2016, iliteka kamera na rauta nyingi sana kwa kujaribu tu orodha ya kama sitini ya majina na paswadi za kiwandani. Mimi nilifungua rekodi za ile seva kuangalia nani anajaribu kuingia, mistari ikawa inapita kama mvua ya Aprili.

"Wataniibia nini, mbolea?" Tata aliuliza hivyo, na ni swali zuri. Kwa hiyo kompyuta hakuna pesa. Kuna daftari ya madeni. Mnajua huku kwetu watu wanachukua chakula cha ng'ombe na dawa ya kahawa leo, wanalipa maziwa yakilipwa ama kahawa ikilipwa. Kwa hivyo pale ndani kuna jina la mkulima, namba ya simu, kijiji, na anadaiwa ngapi tangu lini. Kuna mzee wa kanisa mle ndani. Kuna mtu ambaye bibi yake hajui kwamba ng'ombe wanakula kwa deni. Duka la kushindana likipata hiyo orodha linajua kila mteja wa Tata na bei anayopewa. Tapeli akiipata anajua ampigie nani akisema "nakupigia kutoka agrovet, tuma salio kwa hii namba". Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhesabu Tata kuwa mwenye jukumu la hizo taarifa. Si kijana wa Doha. Tata.

Lakini kilichonitoa jasho si hayo. Ni ile tarehe, mwisho wa mwezi wa tisa.

Seva ya kukodi isipolipwa inafutwa, na namba yake ya IP inapewa mteja mwingine. Ni kama laini ya simu. Ukiacha laini yako miezi mingi bila kuitumia, kampuni inaiuza upya, na mwenye laini mpya anaanza kupokea meseji zako za chama. Sasa fikiria kompyuta ya duka. Haijui kwamba kijana ameacha kulipa. Itaendelea kupigia ile namba kila baada ya muda mfupi, kila siku, maisha yake yote, ikisema niko hapa, niunganishe. Frpc ilivyokuwa imewekwa haikuwa inakagua anayepokea ni nani. Mpangaji mpya wa ile namba akiwa mtu mzuri, hatatambua kitu. Akiwa mtu mjanja, akaona maduka manne yanabisha poti 7000, anaweka frps ya kwake, na akiipata ile tokeni moja ya maduka yote, maduka yanamletea mlango wenyewe, kwa hiari.

Kwa hivyo kuacha tu izime, ambalo ndilo wengi wetu tungefanya, ndilo lilikuwa chaguo baya kuliko yote. Nilimwomba kijana ahamishe seva kwa akaunti yangu kabla ya tarehe, akakubali usiku huo huo.

Wacha niguse upande wa paketi, kwa sababu najua mafundi wananisoma na hapa ndipo tunapumbazana. Kwenye seva ya Linux kuna programu zilizoingia kwa mlango wa mbele, yaani apt, na kuna zilizoingia dirishani. Za mlango wa mbele ziko kwenye orodha. Ubuntu ina unattended-upgrades, ambayo inaweka marekebisho ya usalama yenyewe usiku ukiwa umelala. Ndiyo maana hitilafu ya OpenSSH iliyotangazwa na Qualys tarehe 1 Julai 2024, ile waliita regreSSHion, ilikuwa imezibwa kwenye seva nyingi kabla wenyewe wasome habari. Lakini frp ya huyu kijana ilipakuliwa GitHub kama faili moja, ikawekwa kwenye /usr/local/bin. Apt haiijui. Kwa apt, hiyo programu haipo. Kwa hivyo seva ilikuwa inajisasisha kila wiki kwa bidii, kila kitu isipokuwa kile kitu kimoja kilichofanya seva ikodiwe. Ilikuwa bado na faili la mipangilio la mtindo wa INI, ambao frp yenyewe ilianza kuuacha 2023. Na mfumo wenyewe ulikuwa Ubuntu 20.04, ambao muda wake wa kawaida wa kutunzwa uliisha Mei 2025. Tangu hapo hata mlango wa mbele ulikuwa umeanza kufungwa.

Ukiwa na seva, fanya hili jambo moja leo: andika ss -tlnp uone nini kinasikiliza, na kwa kila mstari jiulize ulikuja kwa apt ama dirishani. Zile za dirishani ziandike kwenye karatasi. Hiyo karatasi ndiyo kazi yako.

Na msinifikirie mimi ni mhubiri wa apt. Machi 2024 nusura paketi rasmi zituue sote. Xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyo karibu kila Linux, ilitunzwa kwa miaka na Mfini mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Alikuwa ameandika wazi kwamba hajisikii vizuri na kwamba ni kazi ya kujitolea. Akajitokeza mtu anayejiita Jia Tan, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, mpole, mchapakazi, akapewa funguo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri ndani, wa kuingilia kwa SSH. Ulitangazwa tarehe 29 Machi na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeugundua kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde na yeye si mtu wa kuacha nusu sekunde ipite. Ulikuwa bado haujafika kwenye Debian ya kawaida. Nikisoma hiyo habari naona askari wa geti Doha. Mtu mmoja anashikilia mlango wa watu wengi, hakuna anayemlipa, hakuna anayemuuliza hali, na siku akichoka anayekuja kumsaidia ni nani?

Wengine mtasema ningeweka tu AnyDesk niende nyumbani. Ni sawa, kwa duka dogo inatosha. Lakini elewa kwamba hiyo nayo ni seva ya mtu mwingine, na Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza kwamba mifumo yao iliingiliwa. Tailscale pia ni nzuri na ningeipendekeza kwa mtu ambaye hana fundi. Unachobadilisha ni nani anashika ufunguo. Lazima awepo mtu.

Nilichofanya mimi hakikuwa cha maajabu. Seva mpya yenye Debian 13, na WireGuard badala ya frp, kwa sababu WireGuard iko ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6, Machi 2020, na vifaa vyake viko kwenye apt. Imeingia mlango wa mbele. Kila kifaa kina ufunguo wake: kompyuta ya Karatina, simu ya Tata, kompyuta ya Chaka, na kadhalika. Kijana wa duka akiacha kazi, nafuta mistari michache na yeye peke yake ndiye anatoka, wengine hawasikii kitu. Ile poti ya Windows haionekani tena na dunia, inaonekana tu na aliye ndani. Niliongeza PersistentKeepalive ya sekunde 25 ili soja wa ploti asisahau laini iko wazi. Siku mbili za kazi, pamoja na safari ya Chaka na Nanyuki.

Nanyuki ilikuwa nyumba ya wageni. Mama mwenyewe alishtuka kujua kwamba kamera za mapokezi, zinazoonyesha nani anaingia na nani saa ngapi, zilikuwa zinapita kwa dashibodi ya admin, admin. Hakuuliza bei. Alilipa mwaka mzima hapo hapo.

Tata aliuliza bei. "Nikulipe kila mwezi kwa kitu tayari kinafanya kazi?"

Nikamuuliza maji ya nyumbani yanatoka wapi. Yanatoka mtoni, juu msituni, kwa mabomba ya mradi wa maji ambao guka na wenzake walichimba kwa mikono. Na kila mwezi analipa. "Unalipia maji, Tata?" Akasema maji ni ya Mungu, wanamlipa yule mzee wa laini. Yule anayetembea kutoka juu mpaka chini akiangalia pahali bomba limepasuka, pahali mtu ameunganisha usiku, pahali majani yameziba chujio. Mradi ulimaliza kuchimbwa zamani, lakini mzee bado anatembea na bado analipwa.

Tata alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mia tano. Si mia nane." Na mimi si mjinga, nilikubali. Mradi ukija kwako kwa kadi ya mtu mwingine, unauona ni wa Mungu. Wiki hiyo hiyo alituma elfu tano kwa mama yake kijana, huko Othaya, bila kuniambia. Niliambiwa na kijana.

Kwa hivyo maduka matatu kwa mia tano ni 1,500. Seva mpya 650. Seva ya zamani 650. Inabaki mia mbili, ambayo ndiyo mshahara wangu wa mzee wa laini, na ndiyo maana bado mtaniona nikiwaonyesha simu.

Mtauliza seva ya zamani bado inalipiwa ya nini. Ni kwa sababu ya mweiga2-pc.

Kijana hakumbuki. Simu aliyokuwa na namba za wateja iliibwa kabla asafiri. Anakumbuka ilikuwa Mweiga, duka liko kando ya barabara ya kwenda Nyahururu, na mwenyewe alikuwa mwanaume. Nimefunga poti ya hiyo kompyuta kwa nje tangu siku ya kwanza, nikitumaini mwenyewe ataona haingii, alalamike, amtafute kijana. Wiki saba sasa. Hajalalamika mtu. Huo mlango mwenyewe haupiti, pengine hata amesahau upo, na kabla niufunge wageni walikuwa wanaugonga kila siku. Lakini kompyuta yenyewe bado inapigia ile namba, na nikiiachilia namba, ni yale niliyosema hapo juu.

Rafiki yangu mmoja alinishauri niingie tu ndani nione jina la duka, dakika mbili. Hapana. Kuingia kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, faini isiyozidi shilingi milioni tano ama jela isiyozidi miaka mitatu, ama zote. Na hata sheria isingekuwepo, kuona geti la jirani liko wazi si kupewa chai.

Kwa hivyo hii posti ni yako, mwenye duka la Mweiga. Uliwekewa kompyuta karibu mwaka 2022 na kijana ambaye baadaye alienda Ghuba. Angalia kwenye C: kama kuna folda inaitwa frp. Ukiipata usiifute, nitumie ujumbe hapa, nije tuiondoe pamoja ukiwa umeketi unaangalia. Sitakuuliza paswadi, na mtu yeyote akikupigia akisema ni mimi na anataka paswadi, kata simu. Nyinyi wengine mnaopita hiyo barabara, mtumieni kila mwenye duka mnayemjua kutoka Mweiga kwenda juu. Ile seva ya zamani nimeilipia mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili.